Naombeni ushauri: gemu gani niongeze kwenye banda langu la PS4 hapa Mbeya, nimechoka kutegemea mpira peke yake

Mwana wa Isanga

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina banda la gemu hapa Soweto, Mbeya. Kaka yangu aliniachia alipohamishiwa Tunduma kikazi, na ndilo linaloniweka mjini. Nina PS4 tatu, zote za 500GB, na PS3 moja iliyochipiwa. PS4 mbili zinacheza FIFA 19, ya tatu inacheza PES 2021. Kwenye PS3 kuna PES 2013, GTA ile ya ujambazi, na vigemu vingine vya watoto. Mechi moja ni 500.

Tatizo banda zima ni mpira. Siku Simba au Yanga wakicheza, au ligi ya Uingereza ikiwa na mechi kubwa, wateja wote wanahamia vibanda umiza, mimi nabaki na pedi zangu. Halafu kuna wanaokuja na wenzao wasiojua mpira. Hao wanakaa kwenye benchi wanaangalia, mwisho wanaondoka hawajatoa hata mia. Dada zetu ndio kabisa, wanachungulia mlangoni, wakiona mpira wanageuka.

Nimetenga laki tatu za CD, nataka gemu nne hivi. Ichezwe na watu wawili au zaidi kwenye PS moja. Iende bila intaneti, maana natumia bando la simu. Na mteja aanze kufurahia mapema kwa sababu analipia muda. Zaidi ya yote isinigombanishe na wazazi. Juzi mama mmoja alimkuta mwanawe kwenye GTA, akamshika mkono wakaondoka, na maneno aliyoniachia bado nayafikiria.

Naombeni msinipe majina tu. Niambieni kila gemu uzuri wake na ubovu wake. Mapitio ninayosoma mtandaoni yanaandikwa na watu waliokaa sebuleni kwao na intaneti isiyokatika. Gemu inapewa alama 9 juu ya 10, ukiileta bandani hakuna anayeigusa.

Kitulo

Mkuu, weka GTA V kwenye hizo PS4, mengine yatajipa. Imetoka 2013 na hadi leo mtu akiingia bandani anaiulizia. Jiji lote lipo wazi, unaendesha chochote, na unahama kutoka kwa mhusika Michael kwenda kwa Franklin au Trevor katikati ya tukio. Sijaona gemu nyingine yenye mji ulio hai kiasi kile. Lipisha buku kwa saa, uone.

FundiPedi wa Kabwe

Kitulo, jamaa ameomba gemu ya watu wawili. GTA V haigawanyi skrini. Mmoja akicheza wenzake wanatazama, na PS moja inamezwa na mteja mmoja saa nzima kwa buku. Kwa mpira wa 500 kwa mechi, watu wawili wanakupa zaidi ya hapo kabla saa haijaisha. Hesabu haikubali.

Mkwawa Jr

Kamwene wadau, nawasalimu kutoka Iringa. Mimi ni mwalimu, na jioni nasimamia banda la shemeji yangu hapa mjini, kwa hiyo hili naliishi.

Kabla hujanunua gemu mpya nataka uangalie vizuri hizo ulizonazo, maana naona unazitumia nusu. FIFA 19 ina kitu ambacho wenye mabanda wengi hawakifungui. Pale kwenye mechi ya kirafiki walileta sheria za nyumbani kwa mara ya kwanza. Kuna aina ambayo kila ukifunga goli, mchezaji wako mmoja anatolewa uwanjani. Yaani anayeongoza ndiye anayepungukiwa watu. Umewahi kuona mteja mzoefu akimchapa mgeni 6-0 halafu mgeni harudi tena? Kwenye sheria hii mzoefu akifika goli la nne yupo na watu saba, mgeni anapata pumzi, benchi zima linasimama. Kuna nyingine inahesabu magoli ya kichwa na volei tu, na nyingine haina faulo wala ofsaidi. Hizi zipo kwenye FIFA 19 ya PS4. Ile ya PS3 ilibadilishiwa vikosi na jezi tu, ndani ni gemu ya zamani. Ndio maana nasema FIFA 19 ya PS3 na ya PS4 ni gemu mbili tofauti zenye jina moja, na aliyelipa bei ya gemu mpya kwa ile ya PS3 alionewa.

Sasa ubovu. Mfululizo huu una ugonjwa wa kutoka kila mwaka. Tangu 1993 hawajapumzika, na kuna miaka unalipia majina mapya mgongoni mwa jezi. Hata walipoachana na FIFA na kubadili jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, ukishika pedi ni mguu uleule. Mbio zinalipa kupita kiasi: mtu anachagua timu yenye winga mwenye kasi, anasukuma mpira mbele, anakimbia, anakata ndani, anafunga. Mara ya kumi unachoka kuangalia. Lakini linaloniudhi kweli ni Ultimate Team. Unanunua pakiti ya wachezaji bila kujua kilichomo, kwa pesa halisi. Ubelgiji mwaka 2018 walisema huko ni kubahatisha, na EA, kampuni yenye gemu hiyo, wakaacha kuuza nchini humo zile pointi za kununulia pakiti Januari 2019. Hao ni watu wazima wenye kadi za benki. Mimi nafundisha kidato cha pili, najua mtoto wa miaka 14 anavyofikiri akiona pakiti inapasuka kwa mwanga na muziki. Kwa bahati bandani kwako haifunguki bila mtandao, basi iache hivyohivyo.

PES 2021 ina mpira mzuri zaidi, hilo nitalitetea popote. Mpira una uzito. Pasi mbovu inakuwa mbovu, beki akipitwa amepitwa, na goli linatafutwa. Ubovu wake ni leseni na uvivu. Timu nyingi hazina majina yake halisi, na gemu yenyewe ni PES 2020 iliyovalishwa vikosi vya msimu uliofuata. Ila kwenye PS4 jezi na nembo unaweza kuziingiza kwa flashi, kijana mwenye kompyuta anakufanyia jioni moja. Fanya hivyo, maana mteja wa Liverpool hataki kuona jina la ajabu na nembo ya kubuni.

eFootball, iliyorithi PES, usiihangaikie. Ni ya bure, haina CD, inataka intaneti, na ilipotoka Septemba 2021 nyuso za wachezaji zilikuwa zinatisha na timu zilihesabika kwa vidole. Wameirekebisha sana baadaye, lakini ile ligi ya kujenga timu yako mwenyewe ambayo ndiyo ilikuwa roho ya PES hawakuja nayo. Iachie simu, huko inaenda vizuri.

Mwana wa Isanga

Mwalimu, hiyo ya kutolewa mchezaji nimeifungua sasa hivi na wateja wawili. Sijapata kusikia kelele za namna hii tangu banda lifunguliwe. Asante sana.

Na ya vitufe je? Waliokulia PES wakikaa kwenye FIFA wanagombana na pedi kila siku.

Mkwawa Jr

Kwenye PES shuti ni mraba, kwenye FIFA shuti ni duara. Mtu wa PES anabaki na kipa, anabonyeza mraba, mpira unapaa kama krosi, halafu anasema pedi mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya pedi, chagua ule mpangilio mbadala, vitufe hivyo viwili vinabadilishana. Kila mmoja anaweka wake kabla mechi haijaanza.

FundiPedi wa Kabwe

Hapo mwalimu kanikumbusha. Pedi zinazoletwa kwangu nazijua gemu zake kabla mtu hajafungua mdomo. Ikiwa R2 imelegea springi, huyo ni FIFA, kwa sababu ndiyo ya kukimbilia na hakuna anayeiachia dakika zote. Ikiwa R1 imekufa, huyo ni PES. Analogi ya kushoto ikivuta yenyewe, ni zote mbili.

Mwana wa Isanga, mapendekezo yangu ni mawili na nayasimamia.

La kwanza Tekken 7, gemu ya ngumi. Raundi ni fupi, kwa hiyo foleni inatembea. Wahusika wengi wapo ndani ya CD, hakuna cha kupakua ili ucheze. Mgeni anaweza kumchukua mhusika anayeitwa Eddy, akabonyeza vitufe vya mateke ovyo na bado akashinda mechi mbili, akajiona anajua, akarudi kesho. Baada ya wiki anagundua kwamba aliyejifunza kukinga na kuadhibu anampiga kila siku, na hapo ndipo anaanza kujifunza kweli. Hakuna wachezaji wa bei mbaya kama kwenye mpira, wote mnaanza sawa. Halafu kuna kitu kimoja walichokifanya ambacho wabunifu wa gemu za ngumi wote wangekiiga: wote wawili wakibakiwa na damu kidogo na wakarusha pigo kwa wakati mmoja, gemu inajipunguza mwendo, kamera inasogea, unaona ngumi mbili zinakutana hewani pole pole na hujui ipi itafika kwanza. Mtu aliye nje ya banda ataingia kuuliza kuna nini.

Ubovu wa Tekken 7: inachelewa kufunguka. Kati ya kuchagua mhusika na kuanza pigano unasubiri hadi unakereka, na ukitaka kubadilisha mhusika unasubiri tena. Na hadithi yake ya familia ya Mishima inasimuliwa na sauti moja iliyopooza ambayo haina maana kwa mtu yeyote. Hadithi iachie, wateja hawaji kwa ajili hiyo.

La pili Crash Team Racing Nitro-Fueled, ya 2019. Mbio za magari madogo, watu hadi wanne kwenye skrini moja, na CD ina alama ya umri wa miaka 7 kwa hiyo hakuna mzazi atakayekufuata. Usidanganyike na katuni, ile gemu ni ngumu. Ukiruka na R1 ukiwa kwenye kona, gari linateleza, moshi unaanza kutoka nyuma, na moshi ukiwa mweusi unabonyeza L1, gari linafyatuka. Unaweza kufanya hivyo mara tatu kwenye kona moja. Mtoto wa darasa la tano aliyeshika siri hiyo anamwacha bodaboda mzima nyuma nusu mzunguko, na bodaboda hawezi kukubali, analipia tena.

Ubovu: nayo inachelewa kufunguka, wahusika wengi walikuja baadaye kwa mtandao, na kampuni ilifanya jambo la aibu. Ilitoka bila duka la pesa halisi, waandishi wakaisifia, halafu wiki chache baadaye wakaingiza duka ndani. Kwako halikuhusu kwa kuwa huna mtandao, lakini nalisema ili ijulikane.

Need for Speed, ya mbio za magari, watakushauri wengi. Ya mwaka 2015 haifunguki kabisa bila intaneti, na ile ya Heat haina skrini ya wawili. Usinunue.

Rungwe Kijani

Mieleka jamani, mbona mnaisahau? WWE 2K19, pedi nne, watu wanne ulingoni. Hapa Tukuyu hiyo ndiyo inayolipa kodi ya fremu, hasa miezi hii ya baridi na mvua vijana wakiwa hawana pa kwenda.

Angalizo kubwa: usikubali kuuziwa WWE 2K20. Muuzaji atakwambia ni mpya zaidi. Ile ilitoka Oktoba 2019 ikiwa imeharibika, nyuso zimevurugika, wanamieleka wanapenya kwenye kamba na kukwama, gemu inajizima. Ilikuwa mbovu kiasi kwamba mwaka uliofuata hawakutoa gemu ya mfululizo huo, wakarudi na 2K22 Machi 2022. Tafuta 2K19.

Ubovu wa 2K19 ni kurudisha mapigo. Unabonyeza R2 kwa muda mfupi sana, na idadi ya kurudisha ina kikomo, ikiisha unalala chini unapigwa tu. Mgeni anakata tamaa. Waruke zile mbwembwe za kuingia ulingoni, la sivyo muda wa mteja unaishia kwenye fataki.

Mama Tumaini

Wanangu, hamjambo. Mimi si mchezaji, lakini nina kijana wa kidato cha kwanza na ninaishi Uyole, kwa hiyo haya yananihusu.

Mwana wa Isanga, huyo mama aliyemtoa mwanawe alifanya sawa. Mdogo wangu ana hiyo GTA V nyumbani. Nilikaa nikaangalia mwenyewe kwa sababu sitaki kukataza kitu nisichokijua. Niliona sehemu mtu amefungwa kwenye kiti na anayecheza anapewa meza yenye vifaa achague: koleo, spana, nyaya za betri, dumu. Kisha anazungusha pedi kung'oa jino. Sinema ya namna hiyo nimeshaona, nafumba macho inapita. Hapa haipiti mpaka mtoto afanye kwa mkono wake. Hilo ndilo lililonishinda.

Kwenye kasha kuna 18 kubwa nyekundu. Ni ya nini kama mtoto wa sare ya shule anakalishwa pale saa nane mchana? Na Shirika la Afya Duniani limeshasema gemu ni ugonjwa.

Kitulo

Mama shikamoo. Naiheshimu hoja yako, ila ile sehemu waliiweka kwa makusudi. Baada ya pale Trevor anampeleka yule mtu uwanja wa ndege, na njiani anamwambia wazi kwamba mateso hayatoi ukweli, yanamfurahisha tu anayetesa na anayelipia. Gemu inaishambulia serikali ya Marekani pale. Ni gemu yenye akili kuliko inavyosemwa, na redio zake, matangazo yake, yote ni kuisema nchi yao.

Mkwawa Jr

Kitulo, nakubaliana nawe kwamba maana hiyo ipo. Lakini angalia inafikaje. Jino linang'olewa kwa vitufe na mtetemo wa pedi, maana inakuja baadaye kwa mazungumzo ya Kiingereza cha haraka huku dereva anakwepa magari. Kwenye benchi la watu kumi wanaopiga kelele, kinachobaki kwa mtoto ni jino. Na hata kwa mtu mzima naona ni udhaifu wa utunzi: wamekulazimisha kufanya, hukupewa nafasi ya kukataa, halafu wanakuhubiria. Gemu ina nguvu ambayo sinema haina, ya kukuuliza wewe utafanya nini. Pale hawakuuliza.

Kitulo

Hilo la kutopewa nafasi ya kukataa sina jibu lake. Kwa watu wazima bado naitetea. Kwa watoto, mama yuko sahihi.

Binti wa Iyunga

Habari zenu. Mama, shikamoo. Kidogo tu kuhusu Shirika la Afya Duniani, maana nasoma mambo ya afya na jambo hili linasemwa vibaya kila siku. Hawakusema gemu ni ugonjwa. Walichokiweka kwenye orodha yao mwaka 2019, na kikaanza kutumika 2022, ni hali ya mtu kushindwa kujizuia: gemu inatangulia kila kitu, anaendelea hata anapoona inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 hivi. Kijana anayekwenda bandani Jumamosi na kurudi kwa wakati hayumo humo.

Sasa kwa mleta uzi. Umesema dada wanachungulia na kugeuka. Mimi ni mmoja wao, sio kwako lakini kwa mabanda ya huku. Shida haikuwa mpira tu. Ni kwamba ukikaa, kila mtu anakuja kukushikia pedi kukuonyesha. Ukitatua hilo umemaliza nusu ya kazi.

Nunua Overcooked 2. Mnapika watu hadi wanne jikoni, oda zinaingia, mmoja anakata, mwingine anakaanga, wa tatu anaosha vyombo, na jiko lenyewe linasogea au linagawanyika katikati ya kazi. Vitufe ni viwili vitatu. Mtu ambaye hajawahi kushika pedi anaelewa mara moja, na mjuzi wa FIFA hana faida yoyote kwa sababu ujuzi wake wa mbio haupiki wali. Kinachopimwa ni kusemezana. Ukikaa kimya jiko linaungua. Ubovu wake: mkiwa wawili tu, baadhi ya majiko yanachosha kwa sababu yametungwa kwa mikono mingi. Na ina kelele ya kupanda presha, wapo wanaogombana kweli.

It Takes Two nayo ni nzuri mno, ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka 2021 kwenye The Game Awards. Mume na mke wanaotaka kuachana wanageuzwa wanasesere, na hamuwezi kusogea mpaka msaidiane. Kila sura inakuja na mbinu mpya, mmoja ana nyundo mwenzake ana misumari, na wakishazoea wanaitupa wanakuletea nyingine. Hapo ndipo ilipozishinda gemu nyingi zinazorudia kitu kimoja saa ishirini. Ubovu, lile jitabu linaloongea linaudhi, na kuna tukio la mwanasesere wa tembo ambalo wazazi wale wanafanya ukatili kwa kitu cha mtoto wao na hadithi inapita kana kwamba hawakufanya lolote zito. Mimi lilinitoa kwenye gemu.

Mama Tumaini

Asante binti yangu kwa kunifafanulia. Hiyo ya kupika mimi mwenyewe ningekuja.

Mwana wa Isanga

Mama karibu sana, na shikamoo. Kuanzia leo GTA haichezwi na mwenye sare wala mtoto ninayemjua ni wa shule, na PS3 nimeigeuzia skrini upande wangu. Mortal Kombat 11 mtu ameniletea inbox kwa 40,000, niikatae?

FundiPedi wa Kabwe

Kama gemu ya ngumi ni nzuri, mapigo yanasikika kwenye mkono. Lakini ni 18, mwisho wa pigano watu wanapasuliwa mbavu karibu kabisa na kamera, na vitu vyake vingi vya ziada havifunguki bila intaneti. Tekken 7 ni 16, hakuna damu ya namna hiyo. Kwa banda lenye wapita njia, Tekken.

Mkwawa Jr

Na historia iko wazi. Mortal Kombat ya kwanza ya 1992 ndiyo mojawapo ya zilizofanya Baraza la Seneti la Marekani liitishe vikao mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya kuweka alama za umri. Alama za umri kule Marekani zilitafutwa kwa sababu ya gemu kama hiyo. Ungeiweka tu kama ungekuwa na chumba cha watu wazima.

Jambo jingine sijaona umelitaja, dau. Gemu za raundi fupi kama Tekken zinavuta watu kuwekeana pesa. Kataza siku ya kwanza, ukichelewa hutaweza.

Mwana wa Isanga

Kwenye mpira tayari walianza, nikaweka bango. Nitalisimamia.

Basi nimefikia hapa: Tekken 7, Crash Team Racing, Overcooked 2 na WWE 2K19. Mpira ubaki PS4 moja ya FIFA 19 kwa zile sheria za nyumbani, na PES 2021 nikishaiwekea jezi. It Takes Two ndiyo inaniumiza kichwa. Ni ya wawili, iko sawa kwa umri, lakini ni hadithi ndefu. Mteja wa nusu saa atafaidi nini?

Binti wa Iyunga

Iuze kwa miadi. Wawili waje wakae saa mbili, Jumapili asubuhi banda likiwa tupu, watunziwe walipofikia hadi wiki ijayo. Kwa mteja wa kupita haifai, nakubali.

Kitulo

Na God of War ya 2018? Ile safari ya Kratos na mwanawe ni bora kuliko zote mlizotaja.

Binti wa Iyunga

Kwa uandishi wa baba na mtoto, naam, ingawa majitu yale ya mawe unayapiga hadi unayakariri. Ila ni ya mtu mmoja na ni 18. Nyumbani.

FundiPedi wa Kabwe

Mwana wa Isanga, kabla hujatuma pesa kokote. CD ya PS4 ukiigeuza juani uangalie mikwaruzo ya mduara, hiyo inatoka kwenye mashine na ni mibaya kuliko ya kucha. Omba ifunguliwe mbele yako mpaka pigano au mbio zianze, usiridhike na picha ya mwanzo. Akikwambia "itamalizia kupakua yenyewe", muulize GB ngapi, kwa bando lako hiyo ni bei ya gemu ya pili. Na kila CD inajinakili kwenye diski ya ndani, kwa hiyo pima nafasi kwanza. FIFA zilizokaa kwenye hizo 500GB mbili tayari zimekula sehemu yake.

Tekken itazipasha moto mashine zako. Niletee moja moja Kabwe, niisafishe feni na kuibadilishia ile dawa ya prosesa kabla hujaanza kazi. Jumatano nina nafasi asubuhi.

Mwana wa Isanga

Jumatano saa tatu nipo hapo fundi, naanza na ile inayovuma zaidi. Ndaga fijo wote.